Jinsi ya kuhamishia blogu yako kwenye programu huria: anza na mlango wa kutokea

Kwenye kompyuta yangu kuna folda yenye makala sitini na kitu zisizo na picha hata moja. Ndizo zilizosalia kutoka blogu yangu ya kwanza. Huduma niliyokuwa nikiiandikia ilitangaza kwamba inafunga, ikatupa muda wa kuchukua vitu vyetu, nami nikabonyeza kitufe, nikapokea faili moja na kushukuru. Miezi ilipita kabla sijaifungua. Ndani yalikuwamo maneno matupu. Picha zilitajwa kwa anwani tu, na anwani zenyewe zilikuwa zimekufa pamoja na seva.

Tangu siku hiyo, nikichagua programu ya kublogu siulizi kwanza ina themu (sura za blogu) ngapi. Nauliza: siku nikitaka kuondoka, nitatoka na nini mkononi? Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata swali hilo. Zinamfaa mtu ambaye tayari ana blogu mahali fulani na anataka kuihamishia kwenye programu huria anayoiendesha mwenyewe, au kutoka programu huria moja kwenda nyingine.

Hatua ya 1: Hesabu ulicho nacho

Usiguse kitu chochote bado. Andika una makala ngapi, kurasa ngapi zisizo makala, maoni mangapi, picha ngapi, na wasomaji wangapi waliojiandikisha kwa barua pepe. Tarakimu hizi utazihitaji baadaye kuthibitisha kwamba hakuna kilichodondoka njiani.

Kisha nakili anwani moja ya kila aina ya ukurasa: makala ya kawaida, kategoria, lebo, ukurasa wa mwandishi, kumbukumbu za mwezi, mlisho wa RSS (faili inayowapelekea wasomaji makala mpya). Ongeza makala ishirini hivi zinazosomwa zaidi. Orodha hiyo itunze.

Jambo la tatu ni lile ambalo watu wengi huliruka. Chunguza maandishi yako yamehifadhiwa kwa sura gani. Ikiwa uko WordPress na kurasa zako umezijenga kwa plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kupanga kurasa kwa kuburuta, tengeneza nakala ya majaribio, uizime plagini hiyo, halafu ufungue makala. Kuna plagini ambazo zikizimwa makala hubaki ikisomeka vizuri. Nyingine huacha msitu wa mabano ya mraba na misimbo ambayo hakuna programu nyingine duniani inayoielewa. Ukikuta msitu huo, kazi yako kubwa ni kuusafisha kabla ya kuhama, kwa sababu ukihama nao utaukuta kila makala unakokwenda.

Hatua ya 2: Jua "huria" inakupa nini, na haikupi nini

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Hilo linasikika kama jambo la wanasheria na waandishi wa programu. Lakini historia ya blogu inaonyesha kwamba mwandishi wa kawaida ndiye aliyenufaika nalo zaidi.

Mei 2004, Movable Type, programu ya Ben na Mena Trott ambayo wakati huo ilipendwa sana na wanablogu, ilileta masharti mapya ya leseni katika toleo la 3.0. Wenye blogu nyingi au waandishi wengi wakatakiwa kulipa zaidi. Msimbo wake uliweza kusomeka, ila haukuwa huria, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuchukua na kuendelea nao kwa masharti ya zamani. Watu wakafungasha. Wengi wao walikwenda WordPress.

Na WordPress yenyewe ilikuwa mtoto wa urithi. Michel Valdrighi alikuwa ameandika programu iitwayo b2 mwaka 2001, kisha maendeleo yake yakasimama. Kwa kuwa b2 ilikuwa chini ya GPL, mojawapo ya leseni huria, Matt Mullenweg na Mike Little waliuchukua msimbo wake, wakauendeleza, na tarehe 27 Mei 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu.

Agosti 2005 ikawa zamu ya programu nyingine huria ya kuendesha tovuti, iliyoitwa Mambo. Wahandisi wake walitofautiana na kampuni iliyomiliki jina, wakaondoka na msimbo, wakaupa jina Joomla. Hilo ni neno letu "jumla" lililoandikwa kwa tahajia ya kigeni. Nafurahi kila ninapolikuta kwenye orodha za programu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo uhuria unakupa ni hili: mradi ukifa au ukigeuka, wengine wanaweza kuubeba. Hata hivyo leseni haigusi kila kitu. Septemba 2024 ulizuka mgogoro mkali kati ya Mullenweg na WP Engine, kampuni ya kupangisha tovuti. Seva za kampuni hiyo zikazuiwa kufikia WordPress.org, mahali ambapo masasisho ya plagini na themu hutoka. Oktoba plagini ya Advanced Custom Fields, iliyokuwa ya kampuni hiyo, ikachukuliwa ndani ya hazina hiyo na kupewa jina la Secure Custom Fields. Mgogoro ukafika mahakamani. Katika kipindi hicho chote msimbo ulibaki huria kama zamani. Kilichofungwa ni bomba la kuufikishia kwa watumiaji. Ndiyo sababu Juni 2025 ulitangazwa mradi wa FAIR chini ya Linux Foundation, unaotaka usambazaji wa plagini na themu usitegemee mlango mmoja.

Kwa kila programu unayoifikiria, basi, tafuta majibu ya maswali matatu. Leseni yake ni ipi? Hakimiliki ya msimbo inashikiliwa na mmoja au imetawanyika kwa wachangiaji wengi? Masasisho yanatoka wapi, na nani anashika ufunguo wa hapo? Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwenye hakimiliki yote anaweza kuamua kwamba toleo lijalo halitakuwa huria, kama ilivyotokea kwa Movable Type: ilifunguliwa mwaka 2007 chini ya GPL, kisha toleo la 6 la mwaka 2013 likarudi kuwa la kulipia. Mradi ambao mistari yake imeandikwa na maelfu ya watu, kila mmoja akibaki na haki ya kipande chake, ni vigumu mno kuugeuza hivyo.

Hatua ya 3: Chagua programu kwa kazi uliyo nayo

WordPress ndiyo inayoendesha zaidi ya tovuti nne kati ya kila kumi duniani, na ukubwa huo una faida ya wazi: kila tatizo utakalokutana nalo, mtu amekwisha kulikuta. Mabadiliko yake makubwa ya miaka ya karibuni yalikuja na toleo la 5.0, tarehe 6 Desemba 2018, lilipoleta kihariri cha vitalu. Kila aya, picha au kichwa ni kitalu kinachojitegemea. Waliokikataa walianzisha ClassicPress, tawi (programu iliyochipuka kutoka msimbo ule ule) linalobaki na kihariri cha zamani. Mimi nilikisumbukia miezi ya mwanzo, lakini kwa upande wa mlango wa kutokea nakitetea: vitalu huhifadhiwa kama HTML ya kawaida, na alama za kila kitalu zimefichwa ndani ya maelezo ya HTML ambayo kivinjari huyapuuza. Ukiondoa WordPress kesho, makala yako bado inasomeka. Huwezi kusema hivyo kuhusu plagini nyingi za kuburuta.

Ghost ilianza mwaka 2013 kwa michango ya Kickstarter, ikiongozwa na John O'Nolan, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida. Leseni yake ni MIT, nayo ni huria. Imeandikwa kwa JavaScript juu ya Node.js, kwa hiyo haitakaa kwenye seva ya bei ndogo iliyotengenezewa PHP (lugha inayoendesha WordPress) peke yake. Itataka seva yako mwenyewe yenye hifadhidata ya MySQL 8. Nguvu yake ni kwamba barua za wasomaji na uanachama vimo ndani ya programu yenyewe, bila kuunganisha plagini kumi. Kama blogu yako ni mwandishi na orodha ya barua pepe, itazame hii kwanza.

Drupal inamfaa mwenye maudhui yenye mpangilio mzito: maktaba, jarida lenye aina nyingi za taarifa, taasisi yenye idara. Lakini sikiliza kisa chake, maana kina funzo kwa yeyote anayechagua programu. Drupal 7 ilitoka tarehe 5 Januari 2011. Drupal 8, iliyotoka Novemba 2015, ilikuwa imejengwa upya kiasi kwamba kupanda kutoka 7 kwenda 8 hakukuwa kusasisha. Kulikuwa kuhama nyumba. Wengi walibaki walipokuwa. Tarehe ya kusitisha huduma kwa toleo la 7 ikasogezwa mara kadhaa hadi 5 Januari 2025, miaka 14 kamili baada ya kuzaliwa kwake. Waliotaka kubaki na desturi za Drupal 7 walipata Backdrop, tawi lililotoa toleo lake la kwanza Januari 2015. Kuanzia Drupal 8 kwenda mbele kupanda kumekuwa kwepesi zaidi, na tarehe 15 Januari 2025 ilitolewa Drupal CMS, iliyotayarishwa kwa mtu asiyeandika msimbo. Ukiamua kwenda huko, anza na hiyo.

Joomla ina uwezo wa lugha nyingi ndani ya kiini chake, na ratiba inayotabirika: toleo la 5 Oktoba 2023, la 6 Oktoba 2025. Kwa tovuti ya lugha mbili ni chaguo la haki kabisa.

Kisha kuna njia ambayo mimi naipenda kuliko zote: programu zinazozalisha kurasa tuli. Jekyll ya Tom Preston-Werner ilitangulia mwaka 2008, Hugo ya Steve Francia ikafuata mwaka 2013, na Eleventy baadaye. Hapa hakuna hifadhidata. Kila makala ni faili ya maandishi iliyoandikwa kwa Markdown, mtindo wa kuandika ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004, na juu ya faili kuna mistari michache ya kichwa cha habari, tarehe na lebo. Programu inasoma faili zote na kutema HTML. Seva haina cha kukokotoa, na mvamizi hana ukurasa wa kuingilia. Mlango wa kutokea uko wazi saa zote: folda ndiyo blogu. Gharama yake ni kwamba maoni na utafutaji lazima uvitafutie njia nyingine, na lazima uzoee kuandika amri kwenye terminali (dirisha la kuiamuru kompyuta kwa maandishi). Mwandishi mmoja asiyeogopa terminali, namwambia achukue Hugo. Penye waandishi kadhaa ambao hawataki hata kusikia neno terminali, WordPress ndiyo itakayoleta amani.

Hatua ya 4: Domeni kwanza, seva baadaye

Sajili domeni (jina la blogu yako mtandaoni) kwa jina lako mwenyewe na kwa barua pepe ambayo haitegemei domeni hiyo hiyo. Isajili kwa kampuni tofauti na ile unayopangishia seva. Ukigombana na mwenye seva, unaelekeza domeni kwingine na maisha yanaendelea. Vyote viwili vikiwa mkono mmoja, unabaki unabembeleza.

Siku moja au mbili kabla ya kuhama, punguza muda ambao kumbukumbu za DNS (zinazoelekeza domeni kwenye seva) hushikiliwa, ule uitwao TTL, uwe sekunde 300. Hivyo ukibadilisha anwani ya seva, wasomaji wataona mabadiliko ndani ya dakika chache, na ukiharibu utaweza kurudi nyuma upesi vilevile.

Kwa seva yenyewe, hakikisha una njia ya kuingia kwa SSH (kuiamuru seva ukiwa mbali), toleo la PHP ambalo bado linahudumiwa, na cheti cha HTTPS. Cheti hakikugharimu kitu: Let's Encrypt hukitoa bure, na kwa kuwa huisha muda mapema, hakikisha kinajihuisha chenyewe.

Hatua ya 5: Toa vyote, kisha ufungue ulichokitoa

Hapa ndipo nilipoangukia mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitufe cha kutoa data karibu kila mahali hutoa maandishi peke yake. WordPress hutoa faili ya XML iitwayo WXR: ndani yake kuna makala, kurasa, maoni, kategoria na lebo, pamoja na anwani za picha, lakini picha zenyewe hazimo. Ghost hutoa faili ya JSON, nayo haina picha, na orodha ya wanachama huitoa kando kwa faili ya CSV. Kwa hiyo chukua vitu vitatu, kila kimoja peke yake.

Cha kwanza ni faili ya kitufe. Cha pili ni nakala ya hifadhidata nzima. Kwenye WordPress yenye WP-CLI, zana ya kuiamuru WordPress kupitia terminali, ni amri moja:

`wp db export nakala.sql`

Cha tatu ni folda ya picha na faili ulizopakia. Kwenye WordPress ni `wp-content/uploads`, kwenye Ghost ni `content/images`. Ikiwa unatoka kwenye huduma isiyokuruhusu kuigusa seva, basi picha zipakue moja moja kwa zana kama wget, ukiipa anwani zilizomo ndani ya faili ya XML. Inachosha. Ifanye leo, wakati seva ya zamani bado inajibu.

Baada ya hapo fungua faili ya XML kwa kihariri cha maandishi. Tafuta kichwa cha makala yako ya kwanza kabisa, na cha ile ya mwisho. Hesabu `<item>` zimo ngapi, ukikumbuka kwamba picha na kurasa nazo huhesabiwa humo. Linganisha na tarakimu za Hatua ya 1. Faili kubwa mara nyingine hukatika katikati bila onyo lolote, na mstari wa mwisho usiofunga vizuri ndio dalili yake.

Hatua ya 6: Jenga pembeni

Sakinisha programu mpya kwenye domeni ndogo au kwenye kompyuta yako, na uizuie isisomwe na injini za utafutaji. Blogu ya zamani iache ikiendelea kama kawaida.

Ukiingiza faili ya WXR kwenye WordPress mpya, utaulizwa kama unataka picha zipakuliwe. Kubali. Programu itazifuata kwenye seva ya zamani, na ndiyo maana seva hiyo haipaswi kuzimwa mapema. Ikikwama katikati kwa kuishiwa muda, gawa data kwa miaka uingize kipande kimoja kimoja. Kwa anayekwenda Jekyll au Hugo zipo zana za kugeuza WXR kuwa Markdown. Tegemea kwamba majedwali na picha zenye maelezo chini yake utayapitia kwa mkono.

Sasa ukaguzi. Tafuta jina la domeni ya zamani ndani ya makala mpya. Kila unapolikuta, kuna picha au kiungo kinachoegemea nyumba unayotaka kuihama. Kwenye WordPress tumia:

`wp search-replace 'zamani.example' 'mpya.example' --dry-run`

Neno `--dry-run` linaionyesha kazi bila kuifanya. Ukiridhika, liondoe na uiendeshe tena. Usijaribu kubadilisha maneno moja kwa moja ndani ya faili ya SQL. WordPress na plagini zake huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi zake, na ukibadilisha neno bila kurekebisha idadi, mipangilio hiyo inavunjika. Amri iliyo hapo juu huirekebisha yenyewe.

Waandishi wa Kiswahili tuna kipimo chetu kizuri cha usimbaji wa herufi: tafuta maneno yenye ng', kama ng'ambo, ng'ara, kung'oa, hasa yaliyoandikwa kwa alama ya mkunjo (’). Kama alama ile imegeuka kundi la herufi za ajabu zinazoanza na â, hifadhidata ilisomwa kwa usimbaji usio wake. Futa, uweke usimbaji uitwao utf8mb4 pande zote mbili, uingize upya. Usianze kuzisahihisha moja moja kwa mkono, utazeeka.

Hatua ya 7: Anwani za zamani zisife

Kila kiungo ambacho mtu amewahi kukiweka kuelekea makala yako ni imani aliyokupa. Jaribu kwanza kuiweka programu mpya itumie muundo ule ule wa anwani. WordPress, Hugo na Jekyll zote zinakuruhusu kuuchagua. Ikishindikana, weka maelekezo ya kudumu, yaani msimbo 301, kutoka kila anwani ya zamani kwenda ile mpya inayolingana nayo. Kwenye nginx mstari mmoja ni hivi:

`rewrite ^/2014/03/safari-ya-kwanza\.html$ /safari-ya-kwanza/ permanent;`

Usielekeze anwani zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji aliyekuja kutafuta makala moja akitupwa mlangoni ataondoka.

Chukua orodha uliyoiandika mwanzoni, na kila anwani uipime kwa `curl -I`. Unataka kuona 301 kisha 200 (ukurasa umepatikana). Baada ya kuhama, soma kumbukumbu za seva kila wiki kwa mwezi mzima, utafute 404, yaani anwani zisizopatikana. Utashangaa ni anwani ngapi ulizozisahau ambazo watu bado wanazifuata.

Hatua ya 8: Masasisho yawe kazi ya mashine

Tarehe 15 Oktoba 2014, Drupal ilitoa sasisho la kuziba shimo kubwa lililomwezesha mvamizi kupenyeza amri za hifadhidata (SQL). Wiki mbili baadaye timu ya usalama ya Drupal ikatoa tamko lililonifanya niketi chini: tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikusasishwa ndani ya saa saba baada ya tangazo ihesabiwe imevamiwa. Saa saba. Mtu aliyekuwa amelala wakati tangazo linatoka aliamka akiwa amechelewa.

Upande wa WordPress, toleo la 4.7.2 la tarehe 26 Januari 2017 liliziba shimo lililomruhusu yeyote kubadilisha maneno ya makala bila nywila. Tovuti zilizoacha masasisho ya kujiendesha yafanye kazi yake, yaliyokuwapo tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, zililindwa. Zilizoyazima zikakuta makala zake zimeandikwa upya na wageni.

Kwa hiyo acha masasisho madogo yajiendeshe. Kwa plagini, fanya hivyo hivyo. Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 kila plagini ina swichi yake kwenye orodha. Kisha punguza plagini zenyewe. Kila moja ni mlango, na kila mlango unahitaji mlinzi aliye macho. Plagini ambayo haijaguswa na mwandishi wake kwa miaka miwili, itafutie mbadala au uachane nayo. Iliyozimwa bila kufutwa bado ipo kwenye diski, kwa hiyo ifute.

Mengine ni mafupi: nywila ndefu iliyotunzwa na programu ya nywila, uthibitisho wa hatua mbili kwa kila msimamizi, akaunti ya uandishi tofauti na ya usimamizi, na mstari huu ndani ya `wp-config.php` ili hata aliyeiba nywila asiweze kuhariri msimbo kupitia kivinjari:

`define( 'DISALLOW_FILE_EDIT', true );`

Hatua ya 9: Mlisho na mtandao wa kijamii ulio huru

Wasomaji wako waaminifu zaidi mara nyingi wako kwenye mlisho wa RSS, na hawaonekani kwenye takwimu zako. Elekeza anwani ya zamani ya mlisho kwenda mpya. Angalia pia kitambulisho cha kila makala ndani ya mlisho, kile kiitwacho guid: kikibadilika, makala zako zote za karibuni zitawatokea wasomaji kana kwamba ni mpya, siku moja, kwa mkupuo.

Jambo lililonipa moyo miaka ya karibuni ni ActivityPub, kanuni ya kuunganisha mitandao ya kijamii iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018, ile ile inayoendesha mtandao wa Mastodon. WordPress ina plagini yake, na Ghost 6, iliyotoka Agosti 2025, imeiweka ndani. Ukiiwasha, mtu aliye Mastodon anaweza kuifuata blogu yako moja kwa moja, na jibu lake likatua kama maoni chini ya makala kwenye WordPress. Iwashe ukiwa umemaliza kuhama na domeni imetulia, kwa sababu utambulisho wako humo umefungwa kwenye domeni, na kuibadilisha baadaye kunapoteza wafuasi.

Hatua ya 10: Rejesha kabla hujalazimika

Panga bakapu ijiendeshe kila usiku: hifadhidata, folda ya picha, na faili za mipangilio. Nakala moja ibaki kwenye seva, moja iende kwa kampuni nyingine, moja ishuke kwenye diski uliyo nayo nyumbani. Kwa blogu ya kurasa tuli kazi hii ni ndogo, maana ukiitunza kwa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, tayari inatunza historia yote na kila kompyuta uliyonakilia folda ina nakala kamili.

Halafu tenga mchana mmoja. Chukua bakapu ya jana, nenda kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona blogu yako, na uisimamishe upya kuanzia sifuri bila kuigusa seva halisi. Andika kila hatua unayoifanya, pamoja na nywila unazolazimika kuzitafuta na faili unazogundua hazimo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, hifadhidata ilisimama vizuri, ila picha za mwaka mzima hazikuwapo: hati yangu ya bakapu, yaani amri zinazoiendesha, ilikuwa inanakili tu folda ya mwaka ule nilioiandika. Niliisahihisha jioni ile ile, nikarudia zoezi, na safari hii kila picha ikaonekana.

Zoezi likifaulu, na kumbukumbu za 404 zikiwa zimekauka kwa mwezi, ndipo uizime seva ya zamani.